Wamwani: Wapwani wa Ng'ambo ya Ruvuma

Kila mwaka, tunapofika kwenye somo la lahaja za Kiswahili, hutundika ukutani ramani ileile. Inaanzia Barawa, inashuka Lamu na Pate, inapita Mombasa na Vumba, inaingia Mtang'ata, Pemba, Unguja na Mafia, kisha inafika Kilwa na Mgao. Hapo mdomoni mwa mto Ruvuma mstari unakatika. Chini yake mchoraji ameacha rangi ya buluu ya bahari na weupe wa karatasi. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili aliwahi kunyoosha mkono na kuuliza: "Sasa hawa wa chini, wao bahari yao haina watu?" Tulimjibu kwa sentensi moja ambayo imo katika vitabu vingi, kwamba huko Msumbiji kuna pia Kimwani. Jibu hilo lilikuwa sahihi, lakini halikutosha, na makala haya ni jaribio la kulipa deni lile.

Tuanze na kisiwa kimoja, maana historia ya watu wa visiwani haisomeki vizuri kutokea bara. Vamizi ni kisiwa chembamba cha mchanga na matumbawe, chenye urefu wa kilomita zipatazo kumi na mbili, katika jimbo la Cabo Delgado. Kimo katika upande wa kaskazini wa safu ya visiwa vya Quirimba, kati ya Mocímboa da Praia na Palma. Kutoka hapo hadi mdomo wa Ruvuma hakufiki kilomita mia moja. Kwa nahodha anayepanda na kusi hiyo si safari ya kuagana kwa machozi. Wavuvi wa Kitanzania wameifahamu Vamizi kwa miaka mingi, wakija kupiga kambi kwa msimu pamoja na wavuvi wengine wanaopanda kutoka Nampula. Wenyeji wanaowapokea ni Wamwani.

Jina lenyewe huwachekesha wanafunzi wetu. Katika Kiswahili sanifu mwani ni ule mmea wa baharini ambao akina mama wa Zanzibar wanaulima na kuuanika. Kwa hiyo mtu anayesikia "Wamwani" kwa mara ya kwanza huwaza watu waliovikwa majani ya bahari. La hasha. Katika Kimwani, neno mwani maana yake ni pwani. Wamwani ni Wapwani, na Kimwani ni Kipwani. Sasa tukumbuke kwamba jina letu sisi, Mswahili, limetokana na neno la Kiarabu sawahil, wingi wa sahil, yaani pwani. Majina mawili, maana moja. Tofauti ni kwamba sisi tumelichukua jina tulilopewa na wageni waliokuja na merikebu, na wao wamebaki na lile lililotoka kinywani mwa Wabantu wenyewe. Tumelisema hili darasani mara nyingi, na kila mara kuna mwanafunzi anayeuliza, basi ni nani hapo aliye Mswahili zaidi? Swali zuri, ila halina mshindi.

Wataalamu nao wamevutana kuhusu mahali pa kukiweka Kimwani. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha mwaka 1993 kuhusu historia ya Kiswahili na lugha za Kisabaki, wanakijadili ndani ya ukoo huo, pamoja na Kiswahili, Kikomoro, Kimijikenda, Kipokomo na Kielwana. Jouni Maho, alipoipanua orodha ya Malcolm Guthrie, alikipa alama G403, yaani palepale kwenye kundi la G40 la Kiswahili. Wako wengine wanaoona kwamba athari ya Kimakonde ndani yake ni nzito kiasi cha kuuliza kama hii si lugha iliyozaliwa na ndoa ya pande mbili. Mtu ni munu, na watu ni wanu, kama ambavyo Mmakonde naye angesema munu. Kusema ni kurongera. Mswahili wa Unguja akishuka Ibo leo atadaka maneno mengi, atatikisa kichwa kwa furaha, halafu baada ya dakika tano atagundua kwamba mazungumzo yamemwacha nyuma. Malin Petzell, aliyechapisha muhtasari wa sarufi ya Kimwani mwaka 2002, anakishughulikia kama lugha yenye mfumo wake, na sisi tunadhani mwalimu wa lugha afuate njia hiyo. Kukiita Kimwani "Kiswahili kilichoharibika", kama wanavyofanya baadhi ya watu wa mjini, ni sawa na kumwita shangazi yako baba aliyekosea kuvaa.

Chenyewe kina lahaja zake. Iko Kiwibo cha kisiwa cha Ibo, ambayo ndiyo yenye heshima, iko ya Kisanga, na iko ya Nsimbwa. Msomaji asiyeyajua majina hayo ayatafute katika ramani ya Msumbiji. Atayakuta yamevikwa koti la Kireno. Kisanga imeandikwa Quissanga. Kirimba imekuwa Quirimba, na Kionga imekuwa Quionga. Nsimbwa imekuwa Mocímboa, kisha ikaongezewa da Praia, yaani "ya ufukweni", ili isichanganywe na Mocímboa nyingine iliyoko Ruvuma. Zoezi hili huwapendeza wanafunzi: ondoa qu, weka k, soma kwa sauti, na mji unarudi nyumbani.

Historia ya pwani hii inaanza zamani kuliko maandishi. Wanaakiolojia, miongoni mwao Ricardo Teixeira Duarte wa Msumbiji, wameonyesha kwamba pwani ya kaskazini ya nchi hiyo ilikuwa sehemu ya ulimwengu wa Waswahili, ikiwa na vyungu vyake, misikiti yake na biashara yake. Tena haingewezekana kuwa vinginevyo. Kilwa ilitajirika kwa dhahabu ya Sofala. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliambiwa kwamba Sofala iko mwendo wa nusu mwezi. Vitabu vyetu vya historia huinukuu habari hiyo kana kwamba katikati hapakuwa na kitu, kana kwamba vyombo viliruka kama ndege kutoka bandari moja hadi nyingine. Vyombo haviruki. Vinahitaji maji ya kunywa, kuni, samaki, rubani anayeijua miamba, na mahali pa kungojea upepo. Kwa sehemu ya ile nusu ya mwezi, mabaharia walikuwa wakipita mbele ya visiwa vya Wamwani.

Na visiwa hivyo havikuwa vituo vya maji tu. Wareno wa mwanzo waliviita visiwa vya Maluane, kwa jina la nguo iliyofumwa huko. Ilikuwa nguo ya pamba, nyingine ikichanganywa na hariri, iliyotiwa rangi ya buluu ya nili, na ilisafirishwa hadi Sofala ili kubadilishwa na bidhaa za bara. João dos Santos, mtawa wa Kidominiko aliyeishi katika kisiwa cha Quirimba mwanzoni mwa miaka ya 1590, aliandika kuhusu nguo hiyo na kuhusu mmea wa nili katika kitabu chake kilichochapishwa Ureno mwaka 1609. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu wanafunzi wetu wamezoea kusoma kwamba pwani ya Afrika Mashariki ilinunua nguo kutoka Gujarat na kuuza pembe. Ndiyo, ilinunua. Lakini ilifuma pia, na moja ya nguo zake mashuhuri ilitoka kwenye visiwa ambavyo ramani yetu ya lahaja imevikata.

Mara ya kwanza visiwa hivi kuingia katika maandishi ya Wareno ilikuwa kwa mjeledi. Mapema mwezi wa Aprili 1498, Vasco da Gama alikuwa akipanda kutoka kisiwa cha Msumbiji akiwa na rubani wa hukohuko pwani. Rubani alimwambia kwamba nchi waliyoiona mbele ni bara, kumbe vilikuwa visiwa. Kapteni akaamuru apigwe, na kisiwa kimoja cha safu hiyo kikapewa jina Açoutado, yaani "aliyechapwa". Hatujui jina la rubani yule. Yeyote aliyewahi kuitazama safu hiyo kutoka baharini, wakati maji yamejaa na mikoko imesimama ndani ya maji, ataelewa kwamba kisiwa na bara huko havitenganishwi kwa urahisi. Huenda alikosea na huenda aliwapoteza makusudi. Sisi tungependa kuamini hilo la pili, lakini kupenda si ushahidi.

Yaliyofuata yanafanana na ya Kilwa, iliyotekwa na Francisco de Almeida mwaka 1505, ila kwa Wamwani kuna jambo moja ambalo halipendezi masikioni mwetu wa kaskazini. Mwanzoni mwa miaka ya 1520 Wareno walivishambulia visiwa vya Quirimba na kuiteketeza miji. Walifanya hivyo kwa kushirikiana na watawala wa Zanzibar na Pemba, waliodai kwamba watu wa Quirimba wamekataa kuwapa ushuru. Wapwani waliwaita wageni wawasaidie kuwapiga Wapwani wenzao. Katika mihadhara yetu tunapenda kuizungumzia pwani kama familia moja. Familia ndiyo, lakini nayo ina kesi zake za urithi.

Baada ya hapo Wareno na machotara wao walijigawia visiwa na kuishi humo kama mabwana wa ardhi. Waislamu waliobaki walilazimika kuwatumikia na kuwalipa. Hata hivyo mabwana hao walikuwa wachache, wakaoa humohumo, na vizazi vyao vilikua vikisikia Kimwani jikoni na uani. Ibo ilipanda hadhi katika karne ya 18. Ilipewa cheo cha mji katika miaka ya 1760, na ngome yake kubwa ya São João Baptista, yenye umbo la nyota, ilijengwa mwaka 1791. Ngome haikujengwa kwa kupenda uzuri. Wafaransa wa visiwa ambavyo leo ni Mauritius na Réunion walikuwa wakitafuta watumwa kwa mashamba yao, na Ibo iliwauzia. Watu walioshushwa pale kwa minyororo wengi walitoka bara, Wamakua, Wayao, Wamakonde. Miongoni mwa waliowauza walikuwamo watu wa pwani, Waislamu na Wakristo. Mwalimu anayefundisha historia ya Wamwani kwa upendo asiliruke somo hili. Mahusiano kati ya pwani na nyanda za juu za Mueda, hata katika siku zetu, hayaeleweki bila kumbukumbu hiyo.

Wamwani nao walichukuliwa. Kuanzia mwanzo wa karne ya 19 hadi miaka ya 1810, Wasakalava na wenzao wa Madagaska walivuka bahari katika makundi makubwa ya mitumbwi, wakavamia Komoro, kisha pwani ya Msumbiji. Visiwa vya Quirimba vilishambuliwa mara kadhaa. Edward Alpers ameuandikia utafiti wake kipindi hicho. Watu wa visiwa vidogo, ambavyo havikuwa na ngome, walikuwa na njia mbili tu, kukimbilia bara au kujificha msituni hadi maji yatakapobadilika. Tunaliweka jambo hili akilini, maana tutalirudia.

Upande wa kaskazini, karibu na Vamizi, mambo yalikuwa tofauti kidogo. Huko kulikuwa na usultani wa Tungi, kwenye ghuba ambayo leo iko Palma. Nasaba ya watawala wake ilijihesabu ya Kishirazi, na Eugeniusz Rzewuski, mtaalamu wa Kipolandi aliyekusanya pia msamiati wa Kimwani, ameandika kuhusu chimbuko la usultani huo kwa kutumia masimulizi ya wenyeji. Tungi ilikaa katikati ya mafahali wawili. Ureno ilidai kwamba mamlaka yake inafika hadi huko. Zanzibar nayo ilidai hivyohivyo kutokea upande wake. Sultani wa Tungi, kama watawala wengi wadogo wa pwani, aliwaandikia wote wawili barua za adabu na akaendelea na shughuli zake.

Barua hizo ndizo zinazopaswa kutusisimua sisi wa idara ya Kiswahili. Katika hifadhi ya nyaraka ya Maputo, Arquivo Histórico de Moçambique, zimo barua za karne ya 19 zilizoandikwa na masultani, mashehe na machifu wa kaskazini ya Msumbiji kwenda kwa maofisa wa Kireno. Zimeandikwa kwa hati za Kiarabu, na nyingi lugha yake ni Kiswahili. Liazzat Bonate amezichunguza na kuonyesha jinsi matumizi ya hati hiyo yalivyoenea, hata kwa watawala wa bara ambao lugha yao ya nyumbani ilikuwa Kimakua. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba kabla hakijawako Kiswahili Sanifu, kabla ya kamati ya mwaka 1930, watu waliozungumza Kimwani na Kimakua walikitumia Kiswahili kwa kazi ya ofisi: kudai haki, kulalamika, kuomba bunduki, kukanusha mashtaka. Sisi hufundisha kwamba Kiswahili kiliingia katika utawala kwa mkono wa Wajerumani, kupitia maakida. Kwa Tanganyika hilo lina ukweli wake. Kwa pwani nzima halina.

Mwisho wa Tungi ulikuja haraka. Tarehe 30 Desemba 1886 Ujerumani na Ureno zilikubaliana kwamba mpaka wao utakuwa mto Ruvuma. Hakuna Mmwani aliyekuwapo kwenye meza hiyo, wala Sultani Barghash wa Zanzibar. Februari 1887 manowari za Kireno ziliipiga Tungi kwa mizinga, ikachukuliwa. Kipande kidogo cha Kionga, kusini mwa mdomo wa mto, kilinyakuliwa na Wajerumani mwaka 1894. Wareno wakakichukua mwaka 1916 wakati wa Vita Kuu, na mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukawathibitishia. Hivyo basi, ule mstari unaokatika kwenye ramani yetu ya lahaja umechorwa na wanadiplomasia wa miaka ya 1880, wala si wanaisimu. Sisi tuliupokea kama ulivyo na kuutundika ukutani.

Kipindi cha Kampuni ya Nyassa tutakipita upesi, ingawa kwa walioishi ndani yake hakikupita upesi. Ureno iliikabidhi kampuni hiyo eneo lote kati ya Ruvuma na mto Lúrio katika miaka ya 1890, na ikalitawala hadi mwaka 1929. Iliishi kwa kodi ya kibanda na kazi za lazima. Wengi walihamia Tanganyika. Ibo, iliyokuwa makao makuu, iliachwa wakati utawala ulipohamishiwa Porto Amélia, mji ambao leo unaitwa Pemba. Nyumba za mawe za Ibo zilianza kuota mizizi ya mitini ukutani. Katika miaka hiyohiyo, hata hivyo, tariki za Kisufi zilikuwa zikienea kwa nguvu. Shadhiliyya ilifika kisiwa cha Msumbiji mwaka 1897 kupitia Komoro, na Qadiriyya ikafuata miaka michache baadaye. Tufo, ngoma ya wanawake inayopigwa kwa matari, nayo imetoka kwenye dufu la maulidi. Bila shaka wasomaji wetu wa Unguja na Lamu wangeitambua kabla hawajaelewa neno hata moja la wimbo.

Vita vya ukombozi vilianza rasmi tarehe 25 Septemba 1964, huko Chai, Cabo Delgado. FRELIMO ilikuwa imeundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na katika kambi zake za Tanzania Kiswahili kilikuwa lugha ya kila siku kwa wapiganaji wengi. Mtu angetegemea kwamba uhuru wa tarehe 25 Juni 1975 ungekipandisha. Haikuwa hivyo. Taifa jipya lilichagua Kireno kuwa lugha ya umoja. Hatuwalaumu. Nchi yenye makabila mengi, ambako Kiswahili kingeonekana kuwa lugha ya kaskazini peke yake, ilikuwa na hesabu zake. Lakini kwa mtoto wa Vamizi matokeo yalikuwa kwamba shule ilizungumza lugha ambayo nyumbani hakuna aliyeisema. Mabadiliko yalikuja mwaka 2003, Msumbiji ilipoanza kufundisha kwa lugha mbili katika madarasa ya mwanzo kwa kutumia lugha kumi na sita za nchi, na Kimwani kikawa mojawapo. Lugha yenye wasemaji wachache kuliko wakazi wa wilaya moja ya kawaida ya Tanzania ilipata vitabu vya darasani. Jambo hilo lastahili pongezi, na tunalisema tukijua kwamba upande wetu wa mto lugha za nyumbani hazijapata nafasi hiyo shuleni.

Vamizi yenyewe ilianza kusikika nje katika miaka ya 2000, wakati hoteli ya kifahari ilipojengwa na watafiti wa kasa na matumbawe walipoanza kuja. Mradi uliosimamia mambo hayo uliitwa Maluane. Watalii wengi waliona jina zuri la kigeni. Kumbe ni ile nguo ya buluu, imerudi baada ya miaka mia tano kama jina la mradi wa hifadhi. Wanakijiji walikuwa na kamati yao ya uvuvi, na walitenga eneo la bahari lisilovuliwa ili samaki wazaane.

Halafu yakaja ya mwaka 2017. Tarehe 5 Oktoba mwaka huo watu wenye silaha walishambulia vituo vya polisi Mocímboa da Praia. Tusingependa kueleza sababu za vita hivyo kwa aya moja. Umaskini umetajwa, pia gesi iliyogunduliwa kwenye bonde la Ruvuma tangu mwaka 2010, mafundisho makali ya dini, na ile chuki ya zamani kati ya pwani na nyanda za juu. Wanaodai kuwa na jibu moja wamesoma kidogo. Jambo linalotugusa sisi moja kwa moja ni kwamba baadhi ya ujumbe wa wapiganaji hao ulitolewa kwa Kiswahili. Lugha tunayoisifu kila mwaka kwamba ni ya undugu ilitumika pia kutisha watu. Kimbunga Kenneth kilikuwa kimeshaibomoa Ibo mwezi Aprili 2019. Agosti 2020 Mocímboa da Praia ilitekwa, na ilibaki mikononi mwa wapiganaji kwa mwaka mzima, hadi majeshi ya Rwanda na Msumbiji yalipoirudisha Agosti 2021. Septemba 2020 walivuka hadi Vamizi. Watu walifukuzwa, nyumba na hoteli zikachomwa. Tarehe 24 Machi 2021 ikawa zamu ya Palma.

Wamwani walikimbia kwa njia waliyoijua. Walipanda mashua, wakashuka na pwani kwa siku kadhaa, wakiwa na watoto, wazee na vyungu, hadi ufukwe wa Paquitequete mjini Pemba, ambako maelfu walishuka mchangani kuanzia Oktoba 2020. Wengine walipanda kuelekea kaskazini na kuvuka Ruvuma. Mwaka 2021 shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilieleza kwamba maelfu ya waliovuka kuingia Tanzania walirudishwa Msumbiji kupitia Negomano. Kwa jumla vita hivyo viliwang'oa makwao watu wanaokaribia milioni moja, wa makabila yote ya jimbo hilo.

Mwenzetu mmoja wa idara, mzaliwa wa Mtwara, alitusimulia kuhusu bibi mmoja jirani yake aliyepokea nyumbani jamaa zake kutoka ng'ambo katika siku hizo. Mwenzetu alikwenda kuwajulia hali. Alisalimia kwa Kiswahili chake cha chuo, chenye upatanisho wa kisarufi usio na dosari. Mama mmoja wa wageni alimjibu kwa Kimwani, polepole, ili aelewe. Mwenzetu anasema alielewa maneno ya bahari yote, jahazi, tanga, maji, upepo, na akapotea kila walipotoka baharini kuingia kwenye habari za nyumba iliyoungua. Alituletea orodha ya maneno thelathini na tisa aliyoyanakili nyuma ya bahasha. Mengine tumeyapata katika msamiati wa Rzewuski. Matano bado tunayauliza.

Muhula ujao wanafunzi wa somo la lahaja watasoma picha za barua mbili za pwani zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu, na watakaojua hati hiyo kutoka madrasa ndio watakaowasomea wengine. Ramani tumeishusha. Fundi wa chapa ametuambia kurefusha karatasi hadi Angoche ni gharama kidogo, kwa hiyo kwa sasa tumebandika kipande chini yake kwa gundi. Vamizi ni nukta ndogo upande wa kulia, juu ya Nsimbwa.